Jinsi ya kuchangia kodi ya nyumba ukiwa bado unasoma na unaishi kwa mzazi

Kama uko chuo, unalala kwa mzazi na umeshaanza kupata kahela kako, iwe ya kibarua cha jioni, ya mkopo wa masomo au ya kufundisha watoto wa watu wikiendi, hili swali litakufikia tu, ama utaulizwa ama utajiuliza mwenyewe usiku umelala: nichangie kodi? na kama ni ndio, nitoe ngapi? Mimi nilichangia kwa mama karibu muda wote wa chuo, mwanzoni nikaharibu, baadae nikajirekebisha, na kitu ambacho natamani kila mwanafunzi akijue kabla hajatoa hata senti ni kwamba nyumba inaendeshwa kwa tarehe. Mwenye nyumba anataka hela yake siku fulani, umeme nao una siku yake ya kuisha, kwahiyo kiasi kidogo ambacho mzazi ana uhakika kitaingia kila mwezi kinamsaidia kuliko fungu kubwa linalokuja mwezi huu afu linapotea miezi miwili. Karibu kila ntakachoandika hapa kinatokana na hilo.

Anza na hela yako mwenyewe

Usiende kuongea na mzazi kabla hujajua unapata ngapi kwa mwezi, na nikisema mwezi namaanisha mwezi kamili. Wengi wanaolipwa kwa wiki wanazidisha mara 4 wanasema huo ndo mshahara wa mwezi, ila mwaka una wiki 52 na miezi 12, ukitaka ya ukweli zidisha malipo ya wiki moja mara 52 afu gawa kwa 12. Na hapo ni kama unafanya kazi mwaka mzima. Kama unajua kabisa kipindi cha mitihani unaacha, tuseme wiki 3 kila muhula na mihula ni miwili, basi zidisha mara 46 na sio 52, manake wiki ambazo hutafanya kazi kodi haitakusubiri.

Hela ya mkopo au basari inayoingia kwa mkupuo ndo inadanganya zaidi. Siku imeingia unajiona una uwezo wa kulipa nyumba nzima, na kweli kwa siku ile unao, lakini ile hela inatakiwa ikufikishe hadi siku nyingine itakapoingia, likizo ikiwemo. Kwahiyo hesabu miezi yote iliyopo katikati, gawa, na jibu utakalopata ndo kipato chako cha mwezi, usiangalie salio lililoko kwenye akaunti. Alafu angalia hiyo hela ilitolewa kwa ajili gani. Basari ya ada na vitabu usiiguse hata kama nyumbani kumebana, ukikosa kufanya mtihani kwa sababu ya ada umempa mzazi hasara kubwa kuliko kodi ya mwezi mmoja. Mkopo nao ni deni, utakuja kuulipa ukiwa na maisha mengine kabisa, mimi naona sawa kuutumia kwenye kodi pale tu ambapo sehemu yake ilikusudiwa hela ya kujikimu, na hata hapo usivuke ile sehemu.

Ukishajua kinachoingia toa vya masomo kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi chuo, bando, kutoa kopi, vifaa, michango ya kazi za vikundi, vile vitu ambavyo usipovilipia unafeli. Kinachobaki hapo mimi nakiita hela safi na ndo hiyo tu utakayoipeleka mezani. Ukikuta hela safi ni sifuri au iko chini ya hapo, jibu limeshapatikana, huna cha kuchangia kwenye kodi kwa sasa, utachangia kwa mikono, na ntafika huko.

Omba kuona hesabu ya nyumba

Hapa ndo wengi tunaogopa. Nimekaa na mama miaka yote na sikuwahi kujua kodi yetu ni ngapi, nilikuwa nakisia tu, na nilikisia chini sana. Siku nilipomuuliza alienda chumbani akarudi na daftari la shule, la mistari, limekunjika pembe, akalifungua katikati. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, amechora mstari kwa rula, kushoto kaandika vinavyoingia na kulia vinavyotoka, kodi iko juu kabisa imezungushiwa duara, chini umeme, maji, taka, intaneti, nauli ya mdogo wangu. Kurasa tatu zilikuwa na neno "deni" limeandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni na jina la mtu aliyemkopesha. Moja ya hizo ni mwezi niliomsumbua anibadilishie simu.

Sikusema kitu, nikapiga picha ule ukurasa wa mwezi huo nikaenda nao chumbani.

Nakwambia hivi kwa sababu bila kuona namba halisi utachangia kwa kukisia, na ukikisia utaingia kwenye moja ya mawili, ama utatoa kidogo ukidhani umebeba nusu ya nyumba, ama utajikamua hadi ushindwe kusoma wakati pengo lenyewe halikuwa kubwa hivyo. Sio kila mzazi atakubali kufungua daftari, wengine wanaona aibu na wengine wanaona mtoto hatakiwi kubebeshwa. Asipotaka usilazimishe, omba vitu vinne tu: kodi ni ngapi, inalipwa tarehe ngapi, umeme na maji kwa pamoja vinakula kama ngapi, na kuna deni lolote la kodi la nyuma? Hilo la mwisho usilisahau, manake kama kuna miezi haijalipwa hesabu zote zinabadilika na pengine hela yako ya kwanza ndo inahitajika huko.

Sasa ngapi?

Kuna njia kama tatu watu wanatumia, nitazipitia zote ila nina ninayoipenda na nitasema.

Njia ya kwanza ni kulipia kile unachoongeza. Hoja yake ni kwamba mzazi angelipa kodi ileile hata usingekuwepo, kwahiyo wewe lipia ziada tu. Kwenye umeme unaweza kuhesabu mwenyewe, yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Laptop ya wati 50 ukiiwasha saa 8 kwa siku ni yuniti 0.4, kwa siku 30 ni yuniti 12. Taa ya LED ya wati 9 saa 5 kila siku haifiki hata yuniti 1 na nusu kwa mwezi. Kuchaji simu ni kidogo kuliko hapo, kwahiyo mzazi akilalamikia chaja muonyeshe kwa upole hiyo hesabu. Pasi ya wati 1000 nusu saa ni nusu yuniti. Kinachokula ni maji ya moto, ile shawa ya umeme ya wati 5000 ukikaa chini yake dakika 20 umetumia yuniti 1.67 kwa kuoga mara moja, fanya hivyo kila siku mwezi mzima ni yuniti 50, zaidi ya mara nne ya laptop yako. Kwahiyo kabla hata hujatoa hela unaweza kuipunguzia nyumba gharama kwa kuoga dakika 8. Hii njia ni nzuri kwa mtu mwenye hela safi kidogo sana, lakini kwa kodi yenyewe naona inakwepa, kama una kipato na chumba unakitumia, kile chumba kina bei yake, pengine bila wewe mzazi angehamia pengine padogo.

Njia ya pili ni kugawa kwa vichwa. Mko wawili mnagawa nusu kwa nusu, wengi wanaona ndo haki. Siikubali. Mtu wa pili ndani ya nyumba haongezi gharama mara mbili, na hata wataalamu wa takwimu wanalijua hilo, kipimo kinachotumiwa sana na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, kulinganisha vipato vya familia kinampa mtu mzima wa kwanza 1, kila anayefuata mwenye miaka 14 au zaidi 0.5, na mtoto chini ya miaka 14 anapewa 0.3. Sisi tulikuwa mama, mimi na mdogo wangu wa miaka 9, jumla 1.8, sehemu yangu 0.5 gawa kwa 1.8 inakuja kama asilimia 28. Angalia tofauti na theluthi moja ambayo ningepigiwa kwa vichwa. Ila hata hiyo 28 haijauliza swali la msingi, je mwanafunzi anazo?

Njia ya tatu ndo yangu, kila mtu abebe kulingana na uwezo wake. Chukua hela safi yako, chukua kipato cha mzazi kinachofika mkononi, jumlisha, uone wewe ni asilimia ngapi ya jumla, basi beba asilimia hiyohiyo ya gharama za nyumba. Tuseme mzazi anapata 1000 kwa hela ya huko kwenu na wewe hela safi ni 250. Jumla 1250, wewe ni asilimia 20. Kodi, umeme, maji na intaneti vyote kwa pamoja ni 400, asilimia 20 yake ni 80, mzazi anabaki na 320. Sasa pima tena upande wa pili: 80 kwenye 250 yako ni asilimia 32, na 320 kwenye 1000 ya mzazi ni asilimia 32. Wote mmeumia sawa. Mama yangu hakuwa mtu wa asilimia lakini nilipomuonyesha hilo la 32 na 32 alilielewa hapohapo akasema basi hapo hakuna aliyemuonea mwenzake.

Kuna watu watakuja na ile kanuni ya asilimia 30, kwamba makazi yasizidi asilimia 30 ya kipato. Ni vizuri ujue ilikotoka. Marekani mwaka 1969 lilipitishwa rekebisho la sheria lililobeba jina la seneta Edward Brooke, likasema anayeishi nyumba za umma asilipishwe kodi zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake, na mwaka 1981 ikapandishwa ikawa 30. Yani ilianza kama ukomo wa kumlinda mpangaji wa kipato cha chini asikamuliwe. Kwahiyo mtu akikwambia "kanuni inasema utoe 30" jua ameigeuza, 30 ni dari. Kwa mwanafunzi mimi naichukua hivi, ukipiga hesabu ya uwezo ikavuka asilimia 30 ya hela safi, kama hapo kwenye 32, shusha hadi 30 au chini, na ile tofauti ifidie kwa kazi. Kwenye mfano wetu 80 inashuka inakuwa 75, hata 70.

Na hizo kazi zihesabiwe kweli. Kumchukua mdogo wako shule kila siku na kukaa nae hadi mzazi arudi ni kitu ambacho familia nyingine inamlipa mtu. Msibishane ni sawa na shilingi ngapi, mtakosana, ila kisemwe wazi kwamba hiki nacho ni mchango. Mimi nilifua na kupika siku tatu kwa wiki na nilikuwa natoa pungufu ya ile asilimia, na hilo tulilisema mapema.

Kuongea na mzazi

Chagua siku ambayo sio ya kulipa kodi na sio siku mzazi ametoka kazini amechoka. Nenda na karatasi yako. Anza wewe, usisubiri kuulizwa, manake ukianza wewe unakuwa unasaidia, ukiulizwa unakuwa unadaiwa, na hela ni ileile. Mimi nilisema hivi: "Mama, nimepiga hesabu za hela yangu ya kazi, nikitoa nauli na mambo ya chuo nabaki na hii hapa. Nataka niwe natoa 70 kila tarehe 25 iende kwenye kodi, na miezi ya mitihani naomba tuelewane tofauti. Unaonaje?" Mama alikaa kimya kidogo, akaniuliza "na vitabu umetoa, mwanangu?" Nikamwambia nimetoa. Akasema sawa.

Sio wote wanajibiwa hivyo. Kuna mzazi atakataa kabisa, atakwambia soma kwanza, hela yako weka. Kama kweli hali ya nyumbani ni nzuri msikilize, mshukuru, na uweke kweli. Ila kama umeona mwenyewe hali ni mbaya na anakataa kwa kuona haya, usimsukumie hela mkononi, chukua bili moja iwe yako. Mwambie "Mama, intaneti naitumia zaidi mimi, kuanzia mwezi huu naomba niilipe mimi." Bili moja yenye jina lako inaingia kirahisi kuliko neno kodi, na kwenye daftari lake inafuta mstari mzima.

Upande mwingine yuko mzazi atakayetaka zaidi ya unachoweza, na hapa nataka niseme taratibu kwa sababu inaumiza sana. Mara nyingi hataki kukuonea, amebanwa, na wewe ndo mtu wa karibu mwenye kipato. Usijibu hapohapo. Rudi na karatasi yenye mistari mitatu, kinachoingia, kinachokwenda chuo, kinachobaki, umuachie aisome mwenyewe. Sema unachoweza na uongeze kitu kisicho hela. "Baba, 120 nikitoa siwezi kufika chuo wiki ya mwisho, naweza 70 bila kukosa, na kazi za jumamosi za hapa nyumbani nibebe zote mimi." Akishikilia, ombeni mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili akae na nyie na ile karatasi. Lakini usikubali kiasi ambacho unajua hutakilipa ili tu mazungumzo yaishe, hilo ni kosa nililolifanya mimi na naomba nilieleze vizuri.

Nilivyoharibu

Kabla ya ile 70 kulikuwa na 150. Nilipopata kazi ya kwanza, ya kupanga mizigo stoo jioni, nilifurahi, nikamwambia mama ntakuwa natoa 150 kila mwezi bila kupiga hesabu yoyote. Mwezi wa kwanza nikatoa, wa pili nikatoa, wa tatu nikatoa kwa kukopa nauli kwa rafiki. Mwezi wa nne ukawa wa mitihani, nikapunguza zamu, na nikakaa kimya nikitumaini kitatokea kitu. Tarehe 28 mama aliniuliza, nikamwambia sina.

Kumbe alishamuahidi mwenye nyumba kwamba mwezi huo atalipa yote na kumalizia kadeni ka nyuma, kwa sababu alikuwa anaihesabu ile 150. Akasimama mlangoni, simu mkononi, akatafuta jina la kukopa. Hakunigombeza. Moja ya zile kurasa tatu zenye kalamu nyekundu ni ya mwezi huo, na nilisababisha mimi, tena kwa kukaa kimya zaidi kuliko kwa kukosa hela. Ningemwambia tarehe 10 asingetoa ile ahadi.

Tangu hapo nina sheria mbili. Ya kwanza, ukiona tu dalili kwamba mwezi huu haitatimia, sema siku hiyohiyo, hata kama bado kuna wiki tatu, na useme namba kamili: "Mama, badala ya 70 itakuwa 40, na 30 itakuja tarehe 12." Ya pili ni kuwa na mwezi mmoja wa akiba. Kama mchango ni 70, weka 12 pembeni kila mwezi, miezi 6 tayari una 72, mwezi wa mitihani unatoa huko na unasoma kwa utulivu. Hiyo akiba weka mahali usipoiona kila ukifungua simu. Ukiitumia anza tena kuijaza.

Namna ya kulipa

Lipa siku tatu nne kabla ya tarehe ya mwenye nyumba, ile siku yenyewe ni kuchelewa, manake mzazi anahitaji kujumlisha na mtandao wa simu au benki unaweza kugoma. Kama benki yako inaruhusu kuweka malipo yajitume yenyewe kila mwezi, weka siku moja baada ya mshahara kuingia. Kwenye maelezo andika kodi na mwezi wake, "mchango wa kodi, mwezi wa 3", usitume tu hela bila neno, baada ya miezi mitano hakuna atakayekumbuka ile ilikuwa kodi au ulikuwa unarudisha kitu. Kama mnapeana taslimu, andikeni kwenye daftari mbele ya wote wawili. Sio kwamba hamuaminiani, ni kwamba kichwa kinasahau.

Mpe mzazi, usimpelekee mwenye nyumba moja kwa moja, labda mzazi mwenyewe akutume. Mkataba ni wa mzazi, deni ni la mzazi, na mwenye nyumba akizoea kupokea vipande kutoka kwa watu wawili ataanza kuwadai watu wawili. Ukitumwa rudi na risiti yenye mwezi unaolipiwa.

Kwa wenye kipato kinachopanda na kushuka, usitoe asilimia tupu kila mwezi, mzazi hawezi kupanga na namba inayocheza. Angalia mwezi wako mbovu kuliko yote mwaka uliopita, weka kiwango ambacho hata mwezi ule ungekiweza, hicho ndo cha lazima. Mwezi ukiwa mzuri ongeza sehemu ya ziada kwa hiari, na mwambie wazi kwamba hii ni ya mwezi huu tu.

Vya kwenye karatasi

Muulize mzazi kama jina lako limo kwenye mkataba wa nyumba, au angalau kama mwenye nyumba ana taarifa kwamba unaishi hapo. Mikataba mingi inataja idadi ya wakaaji. Kuchangia hela hakukufanyi mpangaji, mzazi akihama au akipatwa na jambo unaweza kukuta huna haki yoyote na ile nyumba japo umeilipia miaka mitatu. Kusaini mkataba nako kuna upande wake, ukisaini deni la kodi linaweza kuwa la kwako pia, lote, sio asilimia 20 yako. Mwanafunzi asisaini kwa haraka.

Jambo lingine, kama mzazi anapata msaada wowote wa makazi kutoka serikalini au kwa mwajiri, muulizeni anayeutoa kabla hujaanza kuchangia. Kuna misaada inayohesabu kipato cha kila mtu mzima anayeishi ndani, na mchango wako unaweza kuupunguza. Na wewe mwenyewe, kama mkopo wako au basari inategemea uko hosteli au nyumbani, jaza ukweli na utunze kumbukumbu za unachochangia, kuna fomu zinauliza hilo.

Makubaliano yenu pia yaandikeni, hata kwa meseji moja ya simu: kiasi, tarehe, kinalipia nini, miezi ya mitihani inakuwaje, na lini mtakaa kuangalia tena. Sisi tulikuwa tunaangalia kila muhula unapoanza, ratiba inapotoka, kwa sababu ratiba ndo inaamua zamu ngapi nafanya.

Ukishaanza kuchangia

Utajisikia tofauti ndani ya nyumba, na ni haki yako, lakini usitumie 70 kama fimbo. Neno "mi nalipa kodi hapa" mbele ya wadogo zako linamuumiza mzazi kuliko unavyodhani. Kama unataka mabadiliko, tuseme saa ya kurudi au utulivu wa kusoma usiku, omba kwa sababu umekua na una masomo, usiombe kwa sababu umelipa. Mimi niliomba tivii izimwe saa 3 usiku siku za katikati ya wiki nikapewa, na hela haikutajwa kabisa.

Ukipanga kuondoka, iwe ni hosteli, kazi mbali au kuanza maisha, mwambie mzazi miezi miwili kabla kama ambavyo ungemwambia mwenye nyumba, manake hesabu yake ya mwezi imekuzoea. Kaeni na daftari muone ile sehemu yako itajazwa na nini, pengine intaneti inashushwa kifurushi, pengine nyumba inatafutwa ndogo zaidi. Na ile akiba yako ya mwezi mmoja, kama haikutumika, mwachie iwe mchango wa mwezi wa kwanza ambao hutakuwepo.